Uwajibikaji wa Marekani hupimwa kwa fomu

Juni 2018 jimbo la Arkansas lilianza kuwataka watu wazima wenye Medicaid, bima ya afya ya umma kwa watu wa kipato kidogo, wathibitishe kila mwezi kwamba wamefanya kazi saa 80. Walioanza kubanwa ni wenye umri wa miaka 30 hadi 49. Utaratibu ulikuwa hivi: unapokea barua yenye namba yako maalumu, unatafuta kompyuta au simu yenye intaneti, unafungua akaunti, ambayo haifunguki bila anwani ya barua pepe, unaiunganisha akaunti na ile namba ya kwenye barua, kisha unajaza saa zako za mwezi uliopita kabla tarehe 5 haijapita. Kuripoti kwa simu hakukuruhusiwa hadi Desemba. Na tovuti yenyewe ilikuwa ikifungwa kila siku kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi, kwa matengenezo.

Arkansas ni jimbo la viwanda vya kuku, na viwanda vya kuku ni kazi ya zamu. Anayetoka zamu ya jioni saa nne usiku alikuta mlango umeshafungwa. Aliyekosa kuripoti kwa miezi mitatu, hata kama haikufuatana, alifutwa mpaka mwaka mpya uanze. Kufikia Desemba zaidi ya watu 18,000 walikuwa wameshapoteza bima. Watafiti wa Harvard waliofuatilia jambo hilo walikuta kwamba ajira haikuongezeka. Walikuta pia kwamba zaidi ya watu 95 katika kila 100 waliolengwa tayari walikuwa wakitimiza sharti, au walikuwa na sababu ya kusamehewa ambayo sheria yenyewe inaitambua. Machi 2019 Jaji James Boasberg wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliusimamisha mpango huo.

Mpango ule ulinadiwa kwa jina la uwajibikaji binafsi. Ukiutazama ulivyofanya kazi, kilichopimwa hakikuwa bidii ya mtu. Kilipimwa uwezo wake wa kushughulika na makaratasi. Na hapa ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili za mjadala huu wa Kimarekani, ule unaosema maskini wamedekezwa na ule unaosema wameonewa tu. Marekani inagawa fedha za umma kwa takriban kila tabaka. Tofauti kubwa iko kwa anayetakiwa kuthibitisha kwamba anastahili, mara ngapi, na kwa nani.

Kiswahili kina bahati katika jambo hili. Tunalo neno kustahili na tunalo neno kudeka, wala hakuna anayeyachanganya. Kiingereza cha Washington kina neno moja, "entitlement", linalobeba maana zote mbili. Kwa mtu wa bajeti, tangu sheria ya bajeti ya Kongresi ya 1974, neno hilo ni istilahi kavu: malipo ambayo serikali inalazimika kisheria kumpa yeyote aliyetimiza masharti, bila kusubiri wabunge wapige kura ya fedha kila mwaka. Kwa mtu wa mtaani ni tusi, maana yake mtu aliyezoea kutafuniwa. Mwanasiasa hodari husema neno hilo kwa maana ya kwanza, akijua msikilizaji atalisikia kwa maana ya pili. Basi stahiki kubwa kuliko zote, mafao ya uzeeni ya Social Security, huwa inaingia kwenye hotuba hizo bila wazee wenyewe kushtuka. Hawajioni humo.

Wana sababu ya kutojiona. Kila hati ya mshahara Marekani ina mstari wa makato: asilimia 6.2 ya mshahara inakwenda Social Security, na mwajiri anaongeza 6.2 nyingine. Mwaka 2025 makato hayo yalikomea kwenye dola 176,100. Kila dola iliyozidi hapo haikukatwa kitu. Ukikusanya alama 40, na huwezi kupata zaidi ya nne kwa mwaka, kwa hiyo ni miaka kumi ya kazi, unastahili pensheni. Mzee akitazama miaka arobaini ya makato, anasema hizi ni fedha zangu, nilizihifadhi, narudishiwa.

Hazikuhifadhiwa kwa namna anayoifikiria. Makato ya leo yanalipa wazee wa leo. Mtu wa kwanza kupokea hundi ya kila mwezi, Ida May Fuller wa Ludlow, Vermont, alikatwa jumla ya dola 24.75 katika miaka mitatu. Hundi yake ya kwanza, ya Januari 31, 1940, ilikuwa ya dola 22.54. Hundi ya pili tu ilitosha kuvuka alichochangia. Aliishi hadi miaka 100, na kufikia kifo chake mwaka 1975 alikuwa amepokea dola 22,888.92. Hakuna aliyemwita tegemezi, na haikuwa haki kumwita hivyo. Alitimiza masharti yaliyokuwepo. Lakini kumwita mtu aliyekula akiba yake nako hakukubaliani na hesabu.

Rais Franklin Roosevelt, aliyesaini sheria hiyo Agosti 14, 1935, alilijua hilo. Mwaka 1941 alikiri faraghani kwamba makato ya mishahara yalikuwa suala la siasa tangu mwanzo hadi mwisho, na wala si la uchumi. Yaliwekwa ili mchangiaji ajione ana haki, na mwanasiasa asithubutu kuufuta mpango. Ni mbinu ambayo imefanya kazi kwa miaka tisini. Hisia ya kustahili ilitengenezwa makusudi, kama fundi anavyopiga ribiti.

Mahakama ya Juu ndiyo iliyosema waziwazi kilichomo. Ephram Nestor, mhamiaji kutoka Bulgaria aliyeingia Marekani mwaka 1913, alikatwa kwa miaka 19. Mwaka 1956 alifukuzwa nchini kwa kuwa aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti katika miaka ya 1930, na pensheni yake ya dola 55.60 kwa mwezi ikasitishwa. Alishtaki. Mwaka 1960 mahakama iliamua, majaji watano kwa wanne, kwamba kuchangia hakumpi mtu umiliki wa mafao; Kongresi inaweza kubadilisha masharti. Uamuzi huo bado ni sheria. Mstaafu wa Florida anayebeba bango la kutaka serikali iache kugusa fedha zake ana nguvu kubwa sana ya kura, ila hati ya kumiliki hana.

Medicare, bima ya afya ya wazee, iko karibu na ukweli huo zaidi. Kwa huduma za daktari nje ya hospitali, mzee wa kawaida mwaka 2025 alilipa dola 185 kwa mwezi. Kiasi hicho kimepangwa kigharamie takriban robo ya gharama. Robo tatu zilizobaki zinatoka, kwa sehemu kubwa, kwenye kodi za jumla, yaani kwa watu wote, akiwemo yule wa zamu ya kuku. Na mzee hatakiwi kuripoti chochote kila tarehe 5.

Mpaka hapa tumezungumzia mafao yanayoonekana. Mengine hayaonekani kabisa. Mtu mwenye mkopo wa nyumba Marekani anaweza kupunguza kwenye mapato yanayotozwa kodi riba anayoilipa benki, kwa deni lisilozidi dola 750,000. Januari benki inamletea fomu moja yenye kiasi cha riba ya mwaka mzima. Anakihamishia kwenye jedwali la makato ya hiari, mstari mmoja, basi. Haulizwi kama amefanya kazi. Anaruhusiwa hata kufanya hivyo kwa nyumba ya pili, ya kupumzikia ufukweni, mradi deni la zote mbili halivuki kikomo. Na kadiri mapato yake yanavyokuwa makubwa ndivyo anavyookoa zaidi, kwa sababu kila dola inayopunguzwa inaokoa kodi kwa kiwango cha juu anachotozwa. Mfanyakazi wa kipato cha chini, ambaye punguzo la kawaida, lile la kila mlipa kodi asiyeorodhesha makato yake, tayari linamtosha, hapati senti hapo hata kama ana nyumba.

Suzanne Mettler wa Chuo Kikuu cha Cornell alichambua majibu ya watu walioulizwa mwaka 2008 kama wamewahi kutumia mpango wowote wa serikali wa kijamii. Kati ya wale walionufaika na punguzo la riba ya nyumba, asilimia 60 walisema hawajawahi. Hata wapokeaji wa Social Security, asilimia 44 walisema hivyo hivyo. Nyani haoni kundule, na hapa kuna sababu ya kiufundi ya kutoliona: msaada unaokuja kama kodi isiyolipwa hauna bahasha, hauna dirisha, hauna afisa wa kukukunjia uso.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa mikopo ya PPP ya wakati wa korona. Kati ya 2020 na 2021 serikali ilitoa takriban dola bilioni 800 kwa biashara, kiasi cha mshahara wa miezi miwili na nusu, na mkopo mmoja ukiweza kufika dola milioni 10. Sharti kuu lilikuwa asilimia 60 itumike kulipa wafanyakazi. Ukitimiza, deni linafutwa. Mikopo zaidi ya tisa katika kila kumi ilifutwa, na fedha iliyosamehewa haikuhesabiwa kama mapato ya kutozwa kodi. Kwa mkopo usiozidi dola 150,000, ombi la kufutiwa lilikuwa fomu ya ukurasa mmoja: jina la biashara, kiasi, idadi ya wafanyakazi, saini ya kuahidi kwamba unasema kweli. Nyaraka za uthibitisho unabaki nazo nyumbani, utaitwa wakizihitaji.

Sisemi PPP haikustahili kuwepo. Biashara zilifungwa kwa amri ya serikali, na fedha ilibidi itoke haraka. Ninachosema ni kwamba serikali hiyo hiyo ilionyesha inajua kutengeneza fomu rahisi. Inajua kumwamini mtu kwanza na kumkagua baadaye. Inachagua nani wa kumfanyia hivyo.

Sasa niwatendee haki wanaosema maskini wamedekezwa, kwa sababu hoja yao si ya kubeza. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Agosti 22, 1996, Rais Bill Clinton alisaini sheria iliyobeba maneno "uwajibikaji binafsi" kwenye jina lake. Iliua msaada wa zamani wa fedha taslimu kwa familia zenye watoto, ikaleta TANF: kikomo cha miezi 60 maishani kwa fedha za shirikisho, na mzazi anayelea peke yake kutakiwa afanye kazi saa 30 kwa wiki, au 20 akiwa na mtoto chini ya miaka sita. Waliotabiri maafa ya papo hapo walikosea. Wapokeaji walikuwa zaidi ya milioni 12 mwaka 1996. Kufikia 2000 walibaki takriban nusu, na akina mama wasio na waume waliingia kazini kwa wingi. Sehemu ya mafanikio hayo ilitokana na uchumi uliokuwa moto, ukosefu wa ajira ukiwa asilimia 4, na sehemu nyingine na nyongeza ya 1993 ya nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato kidogo. Lakini sharti la kazi nalo lilichangia. Anayekana hilo anachagua ushahidi.

Tatizo lilikuwa kwenye mitambo ya ndani. Ipo mitatu.

Wa kwanza ni fungu la fedha. Majimbo yanagawiwa dola bilioni 16.5 kwa mwaka, na kiasi hicho hakijapandishwa kufuata bei tangu 1996. Kwa mfumuko wa bei peke yake kimepoteza takriban nusu ya thamani.

Wa pili wachache huuongelea, nami nauona mbaya kuliko wote. Jimbo linatakiwa kuhakikisha nusu ya familia zinazopokea zina mtu anayefanya kazi au shughuli inayotambuliwa. Lakini kila familia zikipungua kwenye orodha, kiwango hicho kinapunguzwa kwa asilimia ile ile. Orodha ikishuka kwa asilimia 30, sharti la 50 linakuwa 20. Kwa hesabu hiyo, mama aliyepata kazi na mama aliyefutwa kwa kukosa barua wanampa afisa wa jimbo alama sawasawa. Kumtafutia mtu kazi ni gharama: mafunzo, nauli, mtu wa kubaki na mtoto. Kumfuta ni bure. Ukimpa mtawala njia mbili za kufaulu, moja ya gharama na moja ya bure, hupaswi kushangaa atakapopita.

Wa tatu ni uhuru wa matumizi. Fungu lile linaweza kutumika kwa malengo mapana mno, hivyo siku hizi takriban robo tu ndiyo inayofika kwenye mikono ya familia kama fedha. Mississippi ilionyesha mwisho wa njia hiyo: mkaguzi wa jimbo aliibua zaidi ya dola milioni 77 zilizotumika vibaya, zikiwemo milioni 5 za jengo la mchezo wa voliboli katika chuo kikuu. Hapo waliokosa uwajibikaji walikuwa na tai shingoni.

Matokeo ya mitambo hii yalionekana uchumi ulipoanguka. Kati ya 2008 na 2013 wapokeaji wa stempu za chakula, mpango wa SNAP, walipanda kutoka takriban milioni 28 hadi milioni 47, kama unavyotegemea wakati watu wanapoteza kazi. TANF ilitikisika kidogo tu. Mwaka 1996, familia 68 katika kila familia 100 maskini zenye watoto zilipata msaada wa fedha. Miaka ya karibuni ni 21. Jembe lipo kwenye jina la sheria. Shamba ndilo lililosahauliwa.

Wasomaji wa Kiswahili walioko Louisville, Phoenix, Dallas au Boise wanalijua somo hili kwa upande mwingine. Familia ya Kikongo iliyokaa miaka kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, haikupanda ndege bure kama wengi wa majirani zao wapya wanavyodhani. Ilisaini hati ya deni la nauli, bila riba, kwa kila mtu aliyesafiri, na malipo huanza takriban miezi sita baada ya kufika. Msaada wa mapokezi hufika siku 90 na kuisha. Kwa hiyo familia inaanza maisha ya Marekani ikidaiwa na ikitafutiwa kazi kwa wakati mmoja. Na wengi hupata ya zamu ya usiku kwenye maghala au viwanda vya nyama. Ni vigumu kuona wapi hapo pa kudekea. Hata hivyo sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 iliwaondoa wakimbizi kwenye orodha ya wanaostahili SNAP hadi wapate ukaazi wa kudumu, ambao hawawezi kuuomba kabla ya kutimiza mwaka mmoja nchini. Yaani chakula kinakatwa katika mwaka ule ule ambao deni la nauli linaanza kudaiwa.

Sheria hiyo ya 2025 ndiyo inayoirudisha Arkansas, safari hii nchi nzima. Ifikapo Januari 1, 2027, majimbo yaliyopanua Medicaid, yaani yaliyoifungua kwa watu wazima zaidi wa kipato kidogo, yatatakiwa kuwadai watu wazima wa miaka 19 hadi 64 saa 80 za kazi, masomo au kujitolea kwa mwezi. Wenye watoto wa miaka 13 kushuka chini wamesamehewa, na wagonjwa pia, kwa masharti. Ustahiki utapitiwa upya kila miezi sita badala ya kila mwaka. Atakayeondolewa kwa kushindwa sharti hili hataruhusiwa kupata ruzuku ya kununua bima kwenye soko la serikali, kwa hiyo anaanguka bila kapeti ya chini.

Kuna mambo mawili ndani ya sheria hiyo ambayo ningemshauri kila anayeshughulika na watu hawa, kanisani, msikitini, kwenye vyama vya jumuiya, ayafahamu mapema. Moja, saa si kipimo pekee. Mapato ya mwezi yakifika kima cha chini cha shirikisho mara 80, yaani dola 7.25 mara 80, ambazo ni 580, mtu ametimiza. Anayelipwa dola 15 kwa saa anafika hapo ndani ya saa 39. Hati mbili za mshahara zinaweza kuthibitisha hilo bila kuhesabu saa hata moja, na wafanyakazi wa msimu wanaruhusiwa wastani wa miezi sita. Basi hati za mshahara zitunzwe, hata za kazi ya wiki mbili.

La pili liko mikononi mwa majimbo. Sheria inayataka yatumie kwanza taarifa zilizopo, kama kumbukumbu za mishahara ambazo waajiri huwasilisha na taarifa za SNAP, kabla ya kumwomba mtu karatasi. Jimbo likishindwa kuthibitisha ndipo linamwandikia, na anapewa siku 30 za kujibu. Jimbo litakalounganisha kompyuta zake vizuri litawathibitisha wengi wao bila wenyewe kujua kuna kitu kimefanyika, kama mwenye mkopo wa nyumba asivyojua. Kumbukumbu hizo huja kila robo mwaka na hukosa watu wanaojiajiri, madereva wa programu za simu, wasafisha nyumba na wanaolipwa taslimu. Hao ndio watakaopata barua. Barua itakwenda kwenye anwani iliyo kwenye faili, na familia za wapangaji huhama mara nyingi, kwa hiyo la kwanza la kusahihisha, kabla ya saa na kabla ya mshahara, ni anwani.